Sindano ya jicho au leza?
Mama mkubwa wa Tukuyu, kisukari kimemfika machoni, aliambiwa Mbeya mjini kuna njia mbili. Sindano inatisha kwa jina tu: matone ya ganzi, jicho linasafishwa kwa iodini, kope zinazuiwa zisifumbe, halafu sindano nyembamba inaingia kwenye weupe, milimita 3.5 hadi 4 kutoka ukingo wa sehemu nyeusi. Dawa ni mililita 0.05, tone moja! Shida ni kurudirudi, mwanzoni karibu kila mwezi, na nauli haina huruma. Leza huchoma kwa mwanga retina, yaani utando wa ndani, nyuma ya jicho, unaotuwezesha kuona. Safari ni chache, ila yaweza kupunguza uoni wa pembeni na wa usiku. Retina ikivimba katikati, mimi nachagua sindano. Asiyeweza kurudi kliniki, bora leza.