Bomba la kupulizia dawa: lipi ununue kwanza, lipi lisubiri

Kwa mkulima wa ekari moja hadi tatu, mahindi upande huu na nyanya upande ule, ushauri wetu ni huu: usiwaze bomba la chaji (linaloendeshwa na betri) kabla hujawa na mabomba mawili ya mkono ya lita 16. Moja liwe la magugu, jingine la wadudu na magonjwa, na yasibadilishane kazi hata siku moja.

Sababu iko kwenye mpira unaopitisha dawa na washa (vipete vya mpira vinavyozuia kuvuja). Dawa ya magugu aina ya 2,4-D, ambayo wengi huitumia kwenye mahindi, hujificha humo hata baada ya kusuuza. Wiki inayofuata unapulizia nyanya dawa ya kanitangaze (kiwavi anayetoboa majani na matunda ya nyanya) kwa bomba lilelile, na baada ya siku chache majani machanga yanajikunja, yanakuwa membamba na kujisokota. Ukitazama unasema virusi, unakwenda dukani kuongeza dawa (na virusi havina dawa), kumbe nyanya zimepata masalia ya 2,4-D. Pamba nayo huumia hivyohivyo. Piga mstari mwekundu wa rangi ya mafuta kwenye tanki la magugu ili hata kibarua wa siku moja asikosee.

Nafasi ya kwanza: bomba la mkono, lita 16

Usivutwe na lita 20. Lita 16 za maji ni kilo 16. Ongeza uzito wa bomba lenyewe unabeba karibu kilo 20 kwenye matuta. Mwenye mgongo uliochoka hupiga hatua ovyo, na dawa huanguka ovyo.

Tazama vitu vitatu. Kwanza, chemba ya hewa: yenyewe ndiyo inayoshikilia presha kati ya pampu moja na nyingine. Bomba lisilo na chemba nzuri hutoa dawa kwa mapigo, mmea huu unalowa, ule unakosa. Pili, fimbo ya shaba au chuma kisichoshika kutu, maana ya plastiki hupasuka pale inapoungana na kifyatuo. Tatu, na hapa ndipo wengi hudharau, vipuri. Mwambie muuzaji akuonyeshe washa, oringi na nozeli za bomba hilohilo. Kama hana, liache hata liwe la bei nafuu kiasi gani. Washa hufa mapema kuliko kitu kingine chochote, hasa ukitumia dawa za mafuta (zenye herufi EC kwenye lebo), kwa kuwa hufanya mpira laini uvimbe na kukwama. Dawa za unga, kama nyingi za bakajani (ugonjwa wa ukungu unaokausha majani), zenyewe huikwangua kama mchanga.

Halafu lijaribu palepale dukani. Omba maji lita 5, funga kifuniko, livae, kisha iname kama unafunga kamba za viatu. Likitiririka mgongoni, ujue siku ya kazi itakuwa sumu, si maji. Pampu mpaka mkono uwe mzito, fyatua, kisha achia: matone yakome mara moja. Likiendelea kudondosha, vali ya kifyatuo ni mbovu na dawa yako itaishia kwenye suruali.

Nozeli

Nozeli ni kitu cha pesa kidogo, nayo ndiyo inayoamua kama dawa itafanya kazi. Mabomba mengi huuzwa na moja tu ya kuzungusha, inayotoka ukungu hadi mrija. Iweke pembeni. Nunua mbili: ya feni bapa (au ya kumwaga upana) kwa magugu, na ya koni tupu kwa wadudu na magonjwa. Feni bapa hutoa matone makubwa kidogo yasiyopeperuka kirahisi kwenda kwa jirani. Koni huzungusha matone madogo yanayofika chini ya majani, mahali vimelea vya bakajani chelewa hutoa mbegu zake. Kwa kiwavijeshi vamizi, elekeza nozeli ndani ya moyo wa mhindi, mmea kwa mmea, asubuhi mapema au jioni. Kupitisha juu ya mstari ni kuosha majani.

Nozeli zilizofuata viwango hutambulika kwa rangi: ya njano hutoa takriban lita 0.8 kwa dakika kwenye presha ya baa 3, ya bluu takriban lita 1.2. Za bei rahisi huwa na rangi tu. Kwa hiyo pima mwenyewe: pulizia ndani ya jagi dakika moja ikiwa mpya, andika. Siku itakapotoa zaidi ya hapo kwa asilimia 10, tundu limepanuka, itupe. Ikiziba, safisha kwa mswaki laini na maji. Waya hupanua tundu, na mdomo usiuweke kabisa.

Nafasi ya pili: bomba la chaji

Hili ni zuri kweli kwa mwenye ekari tatu na zaidi za mboga, anayepulizia kila wiki. Presha haibadiliki, mkono mmoja uko huru, na kazi huenda haraka. Bei yake mara nyingi ni maradufu ya la mkono au zaidi, na udhaifu wake ni betri. Nyingi ni za asidi, volti 12 na amp-saa 8. Ukiiweka stoo ikiwa imeisha chaji tangu mavuno hadi masika, inakufa. Ichaji kila mwezi hata kama hakuna kazi. Chagua lenye kitufe cha kupunguza kasi (kwa magugu unahitaji presha ndogo) na lenye mpini wa kupampu kwa mkono pia, umeme ukikatika.

Nafasi ya tatu: bomba la injini

La korosho, kahawa na maembe. Kule Mtwara na Lindi ndilo linalorusha salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga (ukungu mweupe kama unga kwenye mikorosho), na hapo halina mpinzani. Kwa ekari moja ya nyanya ni mzigo. Usipulizie dawa ya magugu kwa upepo wa injini: itatua kwenye mazao yako na ya jirani. Injini nyingi za aina hii hutaka oili ndani ya petroli. Uwiano wa 1:25 ni mililita 40 kwa lita moja, lakini fuata kitabu cha mashine.

Bomba dogo la lita 1 hadi 5 linafaa kitalu na bustani ya nyuma ya nyumba. Basi.

Kabla ya dawa ya kwanza

Pima eneo la mita 10 kwa 10, pulizia maji matupu kwa mwendo wako wa kawaida, uone yametumika kiasi gani. Yakiwa lita 1.5, ekari itataka lita 60, yaani mabomba manne kasoro kidogo. Lebo ikisema lita 1.5 za dawa kwa ekari, kila bomba la lita 16 lipate mililita 400. Lebo nyingine hutoa kipimo kwa lita 20: mililita 50 hapo ni mililita 40 kwenye bomba lako. Wengi humimina 50 zilezile. Na maji yawe masafi; glaifoseti (dawa ya kuua magugu) hushikwa na udongo wa maji ya tope, magugu yakabaki yakicheka.

Ukimaliza, suuza mara tatu ukipitisha maji hadi kwenye nozeli, mwaga ndani ya shamba ulilopulizia, mbali na kisima na mtaro, kisha lining'inize kifuniko kikiwa wazi, mdomo chini.