Maktaba ya Muyinga: jengo linaloanzia barazani

Kamati ya shule ikipata fedha za maktaba, mazungumzo huanzia kwenye idadi ya vitabu, yakahamia kwenye rafu, yakaishia kwenye kufuli. Maktaba ya Muyinga, kaskazini-mashariki mwa Burundi, ilianzia barazani. Ilikamilika mwaka 2012, ina mita za mraba 140 hivi, na ilichorwa na wasanifu wa BC Architects wa Ubelgiji wakishirikiana na shirika la pale pale, Odedim. Ilijengwa kama kipande cha kwanza cha shule ya bweni ya watoto viziwi, na wakati huohuo kama maktaba ya mji mzima. Picha zake zimezunguka dunia. Bahati mbaya wengi wanaoziona huondoka na wazo la wavu wa kamba za mkonge wanaolalia watoto tu, wakaacha yanayolifanya jengo lifae. Tunalitathmini hapa kwa ajili ya wanaotaka kuliiga: kipi kichukuliwe kilivyo, kipi kibadilishwe, na wapi huharibika.

Tuanze na hilo baraza. Nyumba za jadi za Burundi zina ukumbi ulioezekwa unaokinga mvua na jua, na Muyinga wamelichukua wazo hilo na kulipitisha urefu wote wa jengo. Kati ya nguzo kuna milango inayoonyesha ndani. Ikifunguliwa yote, chumba cha kusomea, baraza na uwanja wa mbele vinakuwa kitu kimoja. Upande mmoja baraza linatokea moja kwa moja mtaani, na pale pana luva za mbao. Zikiwa wazi, maktaba iko wazi. Mpita njia hahitaji kibao wala kumuuliza mlinzi.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya maktaba ya shule na maktaba ya shule inayohudumia jamii. Mtu mzima akilazimika kupita getini, avuke uwanja wa gwaride na kumwamkia mwalimu wa zamu ndipo afike kwenye gazeti, hatakuja mara ya pili. Mlango wa jamii lazima uwe wa mtaani, na mlango wa wanafunzi uwe wa ndani. Ukiiga, lipe baraza upana usiopungua mita 2 ili benchi la sentimita 40 likae na watu wawili bado wapishane, na sakafu iinamie nje sentimita 2 kwa kila mita. Halafu kuna kitu ambacho ramani nyingi husahau kabisa: choo. Kama choo pekee kiko nyuma ya madarasa, ule mlango wa mtaani umejengwa bure.

Kwa watoto viziwi uwazi huu una kazi nyingine. Anayezungumza kwa mikono huhitaji kumwona anayekuja, na ukuta mzima katikati ya chumba humkatia mazungumzo. Milango ya Muyinga inamwezesha mtoto aliye ndani kuongea na aliye barazani bila kuinuka.

Kuta ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, yasiyochomwa. Yalifyatuliwa kwa mashine mbili za mkono za aina ya CINVA-Ram, iliyobuniwa Kolombia miaka ya 1950, na kila tofali lina sentimita 29 kwa 14 kwa 9. Uamuzi huu tunauunga mkono, maana tanuri la matofali hula kuni, na vilima vya eneo hilo havina miti ya kuchezea. Lakini matofali haya hayasamehe uzembe, na wanaoyaiga hukosea katika hatua zilezile.

Kosa la kwanza ni udongo. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi na mboji, chimba chini yake, uanike na uuchekeche kwa wavu wa milimita 5. Kisha upime. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, kipake mafuta ndani, kijaze udongo uliolowa, uache ukauke siku 3 hadi 7. Usukume wote upande mmoja, upime nafasi iliyobaki. Ukisinyaa kama sentimita 1 tu, ndoo 18 za udongo kwa 1 ya saruji zinatosha. Ukikaribia sentimita 5, nenda 12 kwa 1. Ukizidi hapo, una mfinyanzi mwingi: ongeza mchanga au tafuta shimo jingine. Ukiona fundi anakadiria kwa jicho, ujue kuna matofali yatakayopasuka.

Kosa la pili ni maji. Finyanga donge kiganjani, liachie kutoka usawa wa kifua juu ya sakafu ngumu. Likisambaratika kuwa vumbi, maji hayajatosha. Likibandika kama chapati, yamezidi. Likivunjika vipande vinne hadi sita, anza kufyatua. Ukishatia saruji una kama dakika 45, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Wale wanaochanganya rundo zima asubuhi ili wapumzike, matofali yao ya saa sita huwa yanamung'unyika pembeni ukiyakwangua kwa ukucha.

La tatu ni haraka. Tofali likitoka mashinani hubebwa kwa mikono miwili, hupangwa kivulini, likafunikwa kwa nailoni na kunyunyiziwa maji siku 7, halafu likaachwa litimize siku 28. Yasipangwe zaidi ya tabaka tano, la sivyo ya chini huponda pembe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukuta wa unene wa sentimita 14 hula matofali 33 kwa kila mita ya mraba. Kuta za mita za mraba 100 zitataka 3,300, ongeza asilimia 10 ya yatakayovunjika: 3,630. Kwa uwiano wa 16 kwa 1, mfuko wa saruji wa kilo 50 hutoa kama matofali 90 hadi 100, yaani mifuko 40 hivi kabla ya udongo wa kujengea, msingi na sakafu. Timu ya watu watano au sita kwenye mashine moja ya mkono hufikisha 300 kwa siku bila kujiumiza.

Ukuta mrefu kwenda juu kama wa Muyinga huweza kuanguka ukiachwa peke yake. Ndiyo maana nguzo zimepangwa kila baada ya mita 1.30: zinabeba paa na papo hapo zinauegemeza ukuta. Tumeona michoro ya kuiga iliyozitenga nguzo hizo kwa mita 3 ili kupunguza gharama. Usifanye hivyo kabla mhandisi hajapiga hesabu upya.

Adui wa udongo ni maji, na Muyinga wamelijibu hilo kwa paa lenye mteremko wa asilimia 35 na ukingo mpana uliotokeza nje. Kwa sehemu za mvua kubwa tungeongeza msingi wa mawe uliopanda sentimita 40 juu ya ardhi, kwa sababu ukuta huliwa kuanzia chini, pale matone yanaporuka. Tungeongeza pia mfereji wa paa: mvua ya milimita 10 juu ya mita za mraba 100 ni lita 1,000, ukitoa kama sehemu moja ya tano inayopotea. Hayo ni maji ya kile choo.

Paa ni la vigae vya udongo wa kuchoma juu ya mbao za mikaratusi, vyote vya hapo. Ni paa tulivu wakati wa mvua, jambo ambalo bati haliwezi. Ila vigae ni vizito zaidi ya mara kumi ya bati, na mkaratusi mbichi hupinda ukikauka. Kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zikipinda, vigae huachana na vitabu vya chini yake hulowa. Mbao zianikwe kwanza, hata mradi ukichelewa. Kama hakuna mtu wa kupanda kubadilisha kigae kilichovunjika ndani ya wiki moja, afadhali bati lenye dari.

Kuta zimetobolewa kwa kufuata mpangilio wa matofali, na chumba ni kirefu kwenda juu, basi hewa ya joto na unyevu hupanda na kutoka. Kwa vitabu hiyo ni afya. Weka wavu wa mbu kwenye matundu yote, la sivyo popo watahamia kabla ya wasomaji. Rafu zikae sentimita 5 kutoka ukutani na 15 kutoka sakafuni: ukungu huanzia nyuma, mchwa huanzia chini.

Na ule wavu wa mkonge? Umetandazwa juu ya kona ya watoto, wanapanda na kulala humo na vitabu. Ni kitu kizuri, na ndio wanaoutafuta kwanza wakifika. Lakini mkonge huchoka kwa jua na unyevu, na huanza kukatika kwenye fundo, mahali pasipoonekana. Anayeiga akague fundo zote kila mwezi, abadilishe kamba kabla haijanyonyoka, na aandike ukutani idadi ya watoto wanaoruhusiwa kwa wakati mmoja. Shule isiyo na mtu wa kazi hiyo itengeneze jukwaa la mbao na mikeka.

Matundu yale hulifanya jengo ling'ae jioni, na jioni ndipo watu wazima hupata nafasi. Kwa mtoto kiziwi, taa ikizimika na mazungumzo yamezimika, basi umeme usihesabiwe kuwa anasa. Taa 8 za LED za wati 9 kwa saa 4 ni wati-saa 288. Simu 20 za kuchaji ni kama 200 nyingine. Paneli ya wati 200 inalimudu hilo kwa siku ya kawaida, na betri ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, itavuka siku mbili za mawingu. Paneli iiname nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iisafishe. Taa na simu ziwe na saketi mbili tofauti, simu zikatike zenyewe betri ikishuka, na usiwepo waya wa soketi unaofika ofisini, kwa sababu siku pasi ya umeme itakapochomekwa pale, usiku huo hakuna atakayesoma.

Kuhusu vitabu tuna neno moja. Shule za msingi za Burundi hufundisha Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na Muyinga iko jirani na mpaka wa Tanzania; misaada ya vitabu ikija kwa Kifaransa kitupu, rafu zitajaa na baraza litabaki la kupiga soga. Ni heri vitabu 400 vilivyochaguliwa kuliko kontena zima lisilosomeka.