Suti inayong'aa makalioni: vitambaa vya kushonesha, kuanzia ninachokipenda hadi cha kukiacha

Wasomaji wa Dar na Tanga wamekuwa wakiniandikia lalamiko lilelile kwa maneno tofauti. Suti ilishonwa vizuri na ilimkaa mtu vizuri, lakini ilipokwenda kwa dobi mara chache tu, suruali ikaanza kung'aa makalioni na mapajani, koti nalo likang'aa viwikoni na juu ya midomo ya mifuko. Mmoja alinitumia picha ya kaka yake akiwa na kamati ya harusi. Mwanga wa kamera umepiga, na paja la suruali nyeusi limeurudisha kama bati jipya. Kitambaa hicho aliuziwa kwa bei ya sufu, yaani manyoya ya kondoo.

Kwa hiyo sitagusa rangi, wala mistari, wala vifungo viwili au vitatu. Hayo mtayamaliza wewe na fundi wako. Ninalotaka tulizungumze ni kung'aa, maana muuzaji halitaji na mnunuzi haliulizi, ilhali ndilo linaloifanya suti ya mwaka jana ionekane imetoka kwenye robota la mitumba.

Kitambaa hung'aa nyuzi zake zikilala. Kikiwa kipya, uso wake una vinyweleo na mabonde madogo yanayotawanya mwanga. Kiti cha ofisi, kiti cha daladala na siti ya bodaboda huvisugua hadi vikalala, kisha pasi kavu inamalizia kazi. Sufu ikilala bado ina tumaini: ipitishie mvuke na brashi, sehemu kubwa itainuka. Poliesta ni plastiki. Joto likizidi, uzi wake hulainika, hubonyea na kubaki bapa, na hakuna mvuke utakaourudisha.

Sasa fikiria pasi zetu. Dobi wengi mitaani bado wanatumia pasi ya mkaa, na pasi ya mkaa haina kipimo cha joto. Dobi makini hutandika kitambaa cha pamba chenye unyevu juu ya suruali kabla ya kupiga pasi. Dobi mwenye foleni ya nguo za Jumapili hana muda huo. Chagua kitambaa ukijua kwamba siku moja kitakutana na huyo wa pili.

Kabla ya kununua, omba kipande kidogo, hata cha upana wa vidole vinne. Muuzaji anayejua mali yake hatakunyima. Ukifika nyumbani kikunje, kipige pasi kavu ya moto upande wa nje bila kukifunika, kisha kitoe juani na ukiinamishe huku na huku. Ukiona mstari unaong'aa pale penye mkunjo, hivyo ndivyo mshono wa suruali yako utakavyokuwa. Halafu chomoa nyuzi mbili tatu uziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, moto wake hauna nguvu, na majivu yake husagika ukiyabana kwa vidole. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu isiyosagika. Ukipata majivu yenye punje ndani yake, umeshika mchanganyiko. Mchanganyiko si dhambi, ila bei yake iwe ya mchanganyiko.

Sasa mpangilio wangu.

Namba moja ni Raymond ya sufu halisi, na silifichi pendeleo langu. Ni kampuni ya India iliyoanzia Thane mwaka 1925, na Wakenya wa umri wa wazazi wangu wanaijua pia kwa kiwanda chake cha sufu cha Eldoret. Ninaipenda kwa sababu inapatikana huku kwetu, mafundi wamezoea tabia yake, haiwasumbui begani wala kwenye kola, na inastahimili pasi zetu. Kwa Dar tafuta yenye uzito wa gramu 240 hadi 280 kwa mita, na uchague yenye msuko wa wazi, ule ambao nyuzi zake zinapishana moja juu moja chini, badala ya wenye mistari ya mshazari iliyobanana na kulainishwa sana. Uso laini mno ndio wa kwanza kung'aa, hata ukiwa wa sufu tupu. Kwa Arusha, Mbeya au Njombe panda hadi gramu 300 na zaidi, utashukuru mwezi wa Juni na Julai.

Namba mbili ni Raymond pia, ile ya poliesta na sufu, kwa sharti kwamba sufu ikaribie nusu. Hiki ndicho kitambaa ninachowashauri watu wanaovaa suti kila siku ya kazi: wanasheria, watu wa benki, walimu wakuu. Kinashika mkunjo wa pasi na hakiliwi na nondo upesi. Kitang'aa siku moja, lakini si mwaka huu. Hapa naomba usikilize vizuri: Raymond hiyohiyo inafuma pia poliesta na viskosi (uzi wa kiwandani unaotokana na miti) bila hata unyoya wa sufu. Jina pekee halitoshi. Soma kibandiko cha malighafi, na kama hakuna kibandiko, rudi kwenye kiberiti.

Namba tatu ni Fresco, kitambaa cha sufu cha Uingereza, inayouzwa na nyumba za vitambaa za Huddersfield. Kwa ubora peke yake ingekuwa juu ya zote. Uzi wake umesokotwa kwa nguvu sana na msuko wake una nafasi: ukikiinua kitambaa kuelekea dirishani unaona mwanga, ukikipulizia unasikia pumzi ikitoka upande wa pili. Uso wake ni mkavu na mkwaruzo kidogo, na ndiyo maana haung'ai kirahisi. Nimeishusha kwa sababu Kariakoo huipati. Unaagiza, unalipa usafirishaji, unalipa ushuru, na fundi akikosea kukata huna pa kukimbilia.

Vitambaa vya Italia, kama Vitale Barberis Canonico na Reda vya upande wa Biella, ni vizuri sana mkononi, nawe ukiletewa na ndugu aliye Ulaya pokea kwa mikono miwili. Tatizo ni kwamba watu hukimbilia namba kubwa. Super 100 maana yake unene wa unyoya wa sufu hauzidi maikroni 18.75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita); Super 120 ni 17.75, Super 150 ni 16.25. Namba ikipanda, unyoya unakuwa mwembamba na kitambaa kinakuwa laini, lakini pia kinachakaa na kulala haraka zaidi. Mtu wa kupanda na kushuka kwenye gari siku nzima asivuke 120.

Sufu yenye moheya, yaani manyoya ya mbuzi wa Angora, ni ya baridi mwilini na inasimama vizuri, ila ina mng'ao wake wa asili tangu siku ya kwanza. Kwa sherehe ya usiku sawa. Kwa ofisi, hapana.

Kitani na pamba nzito ni vya koti la peke yake, hasa kwa harusi za Zanzibar na Mombasa. Kitani kinakunjamana, hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba nacho hung'aa kikipigwa pasi ya moto upande wa nje. Kigeuze ndani nje kikiwa na unyevu.

TR, yaani poliesta na viskosi, ni ya sare za kwaya na mahafali. Usiipe kazi ya miaka mitatu.

Chochote utakachochagua, shonesha suruali mbili kwa koti moja. Suruali ndiyo inayokaliwa, ndiyo inayotangulia kung'aa, na ukirudi dukani mwaka ujao hutapata rangi ileile. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 kinataka takribani mita 3.2 hadi 3.5 kwa suti ya mtu wa kawaida. Ongeza mita 1.3 kwa suruali ya pili.

Na hapo kwenye vipimo ndipo ninapokasirika. Wapo wauzaji wanaokutajia bei ya mita na kupima kwa yadi. Yadi 3.5 ni mita 3.2. Sentimita 30 zimeliwa, na hutajua mpaka fundi akuambie hawezi kuacha akiba ya mshono kiunoni wala kwenye pindo la chini. Wapo wanaouza kipande kilichofungwa kwenye boksi zuri lenye dirisha la plastiki na kukukatalia kukikunjua eti kitachafuka. Usinunue. Kikunjuliwe mezani, kipimwe kwa futi kamba yako mwenyewe mbele ya macho yako.

Baya kuliko yote ni maandishi ya pembeni. Utaona pembeni mwa kitambaa pamefumwa kwa herufi za dhahabu kwamba ni Super 150, kimetengenezwa Uingereza, na mtu anakilipia bila kuuliza. Kiwanda chochote chenye mashine kinaweza kufuma maneno hayo. Kwa taratibu za IWTO, shirika la kimataifa la sufu, neno Super ni la sufu. Halina haki ya kukaa kwenye poliesta tupu. Anayeiuza hivyo anaiba, na anamwibia mtu aliyedunduliza kwa ajili ya ndoa yake au usaili wa kazi.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na umwombe muuzaji aandike humo aina ya malighafi na urefu kwa mita, asiandike neno kitambaa akaishia hapo. Akigoma kuandika sufu kwenye karatasi yenye jina la duka lake, mrudishie kitambaa chake. Akiandika, na kiberiti kikasema vinginevyo, unayo karatasi ya kupeleka FCC, Tume ya Ushindani, ambao kazi yao ni pamoja na kushughulikia bidhaa bandia.