Miezi minane na blowa ya umeme: kompyuta yangu na vumbi la Dodoma

Ninaishi Nkuhungu, Dodoma, hatua chache tu kutoka barabara isiyo na lami. Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba zianze, upepo wa huku haubishi hodi. Ukifuta meza asubuhi, kufika saa saba mchana unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Katika vumbi hilo ndimo inamoishi kompyuta yangu ya mezani, ya mtumba, ninayohariria video za harusi. Ndiyo inayolisha nyumba, kwa hiyo ikiugua naugua nayo.

Mwaka jana ilianza kuzima yenyewe. Nikifungua barua pepe haina shida, lakini nikianza kurenda (kutoa faili la mwisho la) video ya saa nzima, feni inalia kama inataka kupaa, halafu giza. Nilipopakua programu ya HWMonitor nikaona prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inafika nyuzi joto 96. Nikafanya wanachofanya wengi mtaani: nikaibeba mpaka kwa fundi pancha, akaipulizia kwa kompresa ya matairi. Vumbi lilitoka wingu zima, nami nikafurahi. Nilichosahau ni kwamba tangi la kompresa hukusanya maji, na upepo wake hutoka na matone. Siku mbili mashine haikuwaka. Fundi wa kompyuta akachomoa RAM, ile kadi ya kumbukumbu, akasugua meno ya kadi taratibu kwa kifutio cha penseli, akaacha kila kitu kikauke, ikaamka. Akaniambia, "Kaka, usirudie tena. Nunua blowa yako, upepo wake ni mkavu."

Nikanunua blowa ya umeme ya wati 600, ile ya mkononi yenye mdomo wa mpira, kwa shilingi 48,000. Sasa ina miezi minane, na naipenda kweli.

Nguvu yake inatosha na kubaki. Ina kirekebisha kasi karibu na kifyatuo, na kwa kompyuta naiweka katikati. Kasi ya juu kabisa naiachia pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa kompyuta umeme, na kona za keisi. Mara ya kwanza ilitoa harufu ya kuungua kidogo, ikaisha baada ya dakika chache. Kelele ni kubwa mno, si kifaa cha kuwasha mtoto akiwa amelala. Waya nao ni mfupi, lazima uwe na ekstensheni. Na jambo moja hakuniambia muuzaji: blowa inavuta hewa kwa matundu ya ubavuni, kwa hiyo ukiishika karibu na mchanga inavuta mchanga na kuupiga ndani ya kompyuta. Siku hizi nafanyia kazi barazani, juu ya stuli, sakafu ikiwa imeshapigwa deki na kukauka.

Lakini blowa peke yake haikushusha joto kama nilivyotarajia. Nilipuliza kwa nje, nikapima, nyuzi 88. Jumamosi iliyofuata nikafungua skrubu 4 za feni ya prosesa nikaiinua. Hapo ndipo nilipoona ugonjwa wenyewe. Kati ya feni na mapezi ya alumini ya kipoozeo palikuwa na tabaka la vumbi na nyuzi za nguo, limeshikamana kama kipande cha blanketi, la rangi ya udongo wetu mwekundu. Nililibandua kwa vidole likatoka zima, na upande mmoja lilikuwa na alama za yale mapezi, mstari kwa mstari. Kumbe nilipokuwa napuliza kwa juu nilikuwa nalishindilia! Baada ya hapo nikapuliza toka upande wa pili, hewa ipite kinyume na njia yake ya kawaida, nikaondoa kipoozeo, nikasafisha prosesa kwa spiriti na kupaka pesti mpya ya kupitisha joto. Video ileile, joto halikuvuka nyuzi 67.

Kwa hiyo ukinunua kifaa hiki, nunua pamoja na bisibisi na brashi laini ya rangi. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili chaji iliyobaki iishe. Zuia kila feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza. Ukiiachia izunguke kwa upepo wa blowa itapita mwendo wake, beringi zitaumia, na inaweza hata kuzalisha umeme na kuurudisha kwenye mazabodi, ile bodi kuu. Pawa saplai usiifungue kamwe, kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Pulizia kupitia matundu yake tu.

Kitu ambacho blowa haiwezi kukutibia ni mahali kompyuta inapokaa. Yangu ilikuwa ndani ya kijikabati cha meza, nyuma imegusa ukuta, na juu yake kitambaa cha kufuma alichonipa mama, kizuri sana, kikining'inia mpaka kwenye matundu ya hewa. Nilimweleza mama kwa upole kwamba mashine ikiwaka inahitaji kupumua, na kwa kitambaa tunaifunika ikishazimwa na kupoa. Alielewa, na sasa yeye ndiye anayenikumbusha. Keisi nimeipandisha juu ya matofali mawili, mbali na ukuta kama shibiri moja, na mdomo wa mbele nimeufunga soksi nyembamba ya nailoni, ile ya kina mama. Soksi inaongeza joto nyuzi 2 au 3 kwa sababu inabana hewa kidogo, lakini kila Jumapili nikiivua naifua, maji yanatoka mekundu. Afadhali ibaki kwenye beseni kuliko kwenye prosesa.

Zamani nilikuwa nafungua keisi pale inapozima. Sasa nafungua kila mwezi wakati wa upepo, na mara moja tu kipindi cha mvua, kazi ya robo saa. Mdomo wa mpira wa blowa umeanza kupasuka pale unapojibana, nimeufunga kwa selotepu nyeusi huku nikitafuta mwingine. Mota yenyewe bado ina nguvu ileile ya siku ya kwanza.