Seva ya nyumbani kwa mashine za mitumba: ipi uanze nayo, ipi uiache

Seva, yaani kompyuta inayotunza mafaili na kuhudumia vifaa vingine vya nyumbani, haizimwi. Kabla ya kuuliza bei, uliza inakula wati ngapi ikiwa imetulia, maana hivyo ndivyo itakavyokaa muda mwingi. Kila wati 10 usiku na mchana ni takriban uniti 88 za umeme kwa mwaka.

Namba moja, bila kusita, ni zile kompyuta ndogo za ofisini: Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro au HP EliteDesk Mini, zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 8. Ikitulia, mashine nzima hula karibu wati 10. Usiongeze hela kwa ajili ya herufi T kwenye jina la prosesa, kama i5-8500T. Prosesa ya T inabana umeme inapofanya kazi nzito. Ikitulia, i5-8500 ya kawaida haipishani nayo sana.

Mfuko ukibana, shuka hadi kizazi cha 7. Windows 11 inazikataa karibu zote za kizazi hicho, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025, kwa hiyo ofisi zinazitoa; Linux, mfumo endeshi wa bure, inaenda nazo vizuri kabisa. Ila kama utarusha filamu kwenye televisheni, usishuke chini ya hapo: chipu ya picha ya kizazi cha 6 haifungui ipasavyo video za HEVC (muundo wa kubana video) za biti 10, na mzigo wote unaiangukia prosesa.

Kabla hujalipa, iwashe na uingie BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, irudishe mezani. Hakikisha adapta ni yake, kwa sababu Dell isipoitambua adapta hupunguza kasi ya prosesa. Kisha soma taarifa za SMART, rekodi ambazo diski hujiwekea yenyewe, uone diski imefanya kazi saa ngapi.

Namba mbili ni OptiPlex SFF (yenye kasha kubwa kidogo kuliko Micro) au wenzake, kwa mwenye mafaili mengi: inabeba diski ya inchi 3.5, kitu ambacho zile ndogo haziwezi. Inakula zaidi kidogo.

Laptopu ya zamani ni ya tatu. Betri yake huishikilia umeme ukikatika, faida kubwa sana, lakini betri ikaguliwe mara kwa mara: iliyovimba itolewe mara moja.

Seva za raki, zile bapa za kufungwa kwenye makabati ya kampuni, kama Dell PowerEdge R710, ziache hata ukipewa bure. Nyingi hupita wati 100 zikiwa zimetulia, yaani zaidi ya uniti 876 kwa mwaka, na kelele za feni zake hazilaliki.