Gauni lenye mfuko usiofunguka

Gauni hili nililinunua kwenye duka kubwa makusudi, nikijua limenakiliwa. Nilitaka kulilaza mezani kando ya lile la asili, niyageuze yote mawili ndani nje, nione kilichochukuliwa na kilichoachwa.

La asili ninalo tangu mwaka juzi. Lilishonwa na mbunifu anayefanya kazi peke yake kwa cherehani 2. Ni la kitani, rangi ya majani makavu, ukosi mpana, na marinda yanayoanzia bega la kushoto yakishuka mshazari hadi nyonga ya kulia. Mfuko wa kushoto umekaa juu kuliko wa kulia kwa vidole viwili. Nilipomuuliza sababu, alinieleza kwamba aliposhona la kwanza kabisa kitambaa kilimpungukia, akaunga kipande, kisha akaupandisha mfuko ili ufiche kiungo. Alipolivaa akaupenda hivyo hivyo, akauacha.

La duka kubwa lina mfuko huo huo, umepanda vidole viwili vilevile. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Ukosi mpana si mali ya mtu, na marinda ya mshazari huenda yakamjia yeyote. Lakini kitambaa kilichopungua mezani kwa mtu mmoja, siku moja, hakimjii mwingine kwa bahati. Nikajaribu kuingiza mkono. Haufunguki! Ni kipande kilichobandikwa juu na kushonwa pande zote.

Kitambaa ni poliesta iliyofumwa ifanane na kitani. Juani kinang'aa, na jasho halina pa kutokea. Bitana hakuna. Katika la asili kila rinda limeshikizwa kwa mkono, kwa ndani, mpaka kiunoni, ndiyo maana ukiketi yanatulia. Hapa yameshikizwa begani tu. Nilipoketi yalitawanyika yote tumboni. Pindo limepigwa overloki na kukunjwa mara moja, na uzi ulishaanza kutoka kabla sijalijaribu. Zipu ni nzuri, inateleza bila kukwama, na saizi ni sahihi.

Sina ugomvi na nguo ya bei nafuu. Wengi hawana uwezo wa kununua nyingine, na siwalaumu hata kidogo. Ugomvi wangu ni na kampuni yenye wabunifu wa kuajiriwa na mawakili, inayochukua jasho la mtu asiye na wakili hata mmoja. Sheria nayo haimsaidii sana. Marekani, hakimiliki hailindi mkato wa nguo, kwa kuwa nguo huhesabiwa kama kitu cha matumizi. Katika kesi ya kampuni za Star Athletica na Varsity Brands mwaka 2017, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mapambo yaliyo juu ya nguo yanaweza kulindwa iwapo yanaweza kutenganishwa na nguo yenyewe. Marinda ya mshazari utayatenganishaje na gauni? Umoja wa Ulaya hulinda muundo usiosajiliwa kwa miaka 3 tangu uonyeshwe hadharani, lakini kudai haki hiyo ni kwenda mahakamani, na mshonaji akienda mahakamani cherehani zinalala.

Mwaka 2016 mchoraji Tuesday Bassen wa Los Angeles aliituhumu kampuni ya nguo ya Zara kwa kunakili pini na viraka vyake. Jibu la mawakili lilikuwa kwamba michoro yake haina upekee wa kutosha, na kwamba watu waliolalamika ni wachache mno wakilinganishwa na mamilioni wanaotembelea tovuti ya kampuni. Jibu hilo nililikumbuka nikiwa nimeshika mfuko ule wa bandia, kwa sababu mbunifu wangu naye sasa anaandikiwa na wateja wanaomshutumu kwamba yeye ndiye aliyeiga duka kubwa, tena anauza ghali. Ameacha kulishona gauni hilo. Kazi aliyoirekebisha kwa miezi, rinda kwa rinda, ameiondoa kwenye duka lake mwenyewe.

Nimelirudisha lile la pili. Fomu ya kurudisha ilinipa sababu 4 za kuchagua: saizi, rangi, kasoro, nimebadili mawazo. Nikachagua kasoro. Kwenye nafasi ya maelezo nikaandika jina la mbunifu na mwaka aliolishona gauni lake, nikaambatisha picha ya mifuko miwili ya kushoto, mmoja mkono wangu ukiwa ndani yake.