Mshipa Ulizibuliwa Vizuri, Lakini Dawa Ziliisha Kabla ya Miadi

Baba yangu ana umri wa miaka 67, ameishi na kisukari kwa miaka 14, na alivuta sigara tangu ujana wake hadi mwaka juzi. Mwezi wa Februari alizibuliwa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni, ya paja la kushoto kwa puto na kuwekewa stenti, kile kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa usijifunge, katika hospitali moja ya binafsi hapa Dar es Salaam. Ninachokitathmini hapa ni huduma hiyo nzima, tangu siku ya vipimo hadi miezi mitano baada ya kuruhusiwa. Hospitali yenyewe sitaitaja, kwa kuwa kasoro iliyotukuta nimeisikia pia kwa wenzangu waliotibiwa kwingine, na ningependa msomaji aipime huduma yoyote atakayoiendea kwa kipimo hichohicho.

Nianze na sifa, maana zinastahili. Kabla ya matibabu Baba hakuweza kutoka nyumbani hadi msikitini, mwendo wa dakika nane, bila kusimama mara tatu kusubiri shavu la mguu liache kubana. Tulidhani ni uzee, kisha tukadhani ni ganzi ya kisukari. Daktari wa mishipa ya damu alimlaza, akamfunga mikanda ya presha mikononi na kwenye vifundo vya miguu, akalinganisha. Kwa mtu mwenye mishipa mizuri, presha ya kifundo hukaribiana na ya mkono au huizidi kidogo, na uwiano ukishuka chini ya 0.90 huwa ni dalili kwamba ateri za mguu zimeanza kuziba. Mguu wa kushoto wa Baba ulisoma 0.52. Daktari alitueleza pia kwamba kwa wagonjwa wa kisukari kipimo hiki huweza kudanganya, kwa sababu kuta za ateri zao hukakamaa na presha ikasomeka kubwa kuliko ilivyo, hivyo akaongeza ultrasaundi ili auone mtiririko wenyewe wa damu. Maelezo ya namna hiyo, yakitolewa kwa Kiswahili na kwa utulivu, humfanya mgonjwa akubali kulala mezani bila hofu.

Kazi ya puto ilichukua saa moja na nusu. Baba alikuwa macho, amechomwa ganzi kwenye kinena tu, akisikiliza madaktari wakizungumza. Njia hii si ya majaribio tena: Januari 16, 1964, Charles Dotter, huko Portland, Marekani, alimpanulia ateri ya mguu bibi wa miaka 82 aliyekuwa amekataa kukatwa mguu, na miaka kumi baadaye Andreas Grüntzig, mjini Zürich, akaanza kutumia puto la aina iliyozaa haya tuliyonayo leo. Kwa Baba, mguu uliokuwa baridi asubuhi ulikuwa na joto jioni, na kesho yake kipimo kilisoma 0.93. Kwa sehemu hii natoa alama 9 kati ya 10, na moja ninayoizuia ni ya foleni ndefu ya malipo.

Tatizo lilikuwa kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Ilikuwa na mistari minne. Mitatu ya kwanza ilitaja aspirini, rivaroksabani ya miligramu 2.5 na atorvastatini, kila moja ikifuatwa na herufi za kidaktari ambazo hakuna aliyetufafanulia. Mstari wa nne ulisema arudi baada ya miezi mitatu. Dirisha la dawa lilitupa vidonge vya siku 30. Hakuna aliyetuambia siku ya 31 tufanye nini, wala kwa nini vidonge hivyo vidogo vilikuwa na uzito sawa na stenti yenyewe.

Ninayoyaeleza sasa niliyajua baadaye, na nayaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyopaswa kusemwa siku ile. Puto linapotanuka ndani ya ateri huipanua kwa kuijeruhi. Utando laini wa ndani, ambao kazi yake mojawapo ni kuizuia damu isigande, hukwaruzwa na kung'oka mahali pengi. Mwili huliona jeraha hilo kama unavyoliona jeraha la ngozi, nao hujibu kwa inflamesheni, ile hali ambayo juu ya ngozi tunaiona kuwa wekundu, joto na uvimbe. Ndani ya mshipa haionekani, lakini ipo. Chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazoanzisha mgando, hunata kwenye ukuta uliochubuka na kumwaga kemikali zinazoziita chembe nyeupe za damu. Baadhi ya chembe nyeupe nazo hutoa protini inayoanzisha mnyororo wa kugandisha damu. Na kimeng'enya kinachokamilisha mgando, yaani thrombini, hurudi kuchochea inflamesheni zaidi. Mambo haya mawili hulishana. Ndiyo maana mtu huweza kutoka hospitalini na mshipa ulio wazi kuliko alivyowahi kuwa nao kwa miaka mingi, na wakati huohuo akawa kwenye hatari kubwa ya damu kuganda palepale palipozibuliwa. Hata hatari hiyo ya mwanzo ikipita, jeraha lililopona vibaya huotesha tishu nene ndani ya stenti, na njia ikaanza kusinyaa tena katika miezi inayofuata.

Vile vidonge vitatu vilikuwa vimegawana kazi hiyo. Aspirini huzizuia chembe sahani zisishikamane. Rivaroksabani huukata mnyororo wa kugandisha damu kabla thrombini haijatengenezwa kwa wingi. Atorvastatini, ambayo sisi tuliijua kama dawa ya mafuta tu, hupunguza pia inflamesheni kwenye kuta za mishipa. Ningeambiwa haya kwa dakika tano, nisingemwachia Baba mwenyewe kuzihesabu.

Siku ya 32 Baba alikwenda duka la dawa la mtaani. Muuzaji alimwambia kwamba ile ya miligramu 2.5 hana, anayo ya 10 na ya 20. Baba aliona kwamba kunywa dawa isiyolingana na karatasi ni hatari, na katika hilo alikuwa sahihi kabisa, lakini akaamua kusubiri miadi na kuziacha zote tatu. Nilipomuuliza, alinijibu, "Mwanangu, mguu umepona, mbona unanitafutia ugonjwa?" Nami nikanyamaza, kwa sababu kweli alikuwa akienda msikitini na kurudi bila kusimama.

Siku ya 41, saa tisa usiku, Mama alinipigia simu. Nilipofika nilimkuta Baba amekaa kitandani, mguu umening'inia, anausugua kwa mikono miwili. Unyayo ulikuwa mweupe kama uliopakwa unga, na nilipougusa ulikuwa baridi kama sakafu. Nilimbana kidole gumba kwa kucha, hakusikia. Kabla ya saa kumi na moja alfajiri tulikuwa hospitalini, na hapa lazima niwe mwadilifu: daktari wa zamu alitazama mara moja, akagusa, akaita timu nzima. Misuli isiyopata damu huanza kufa katika muda wa saa sita hivi, na yule daktari alifanya kazi kama mtu anayelijua hilo. Baba alianzishiwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, papo hapo, kisha wakapitisha katheta, yaani mrija mwembamba, hadi kwenye mgando na kumwaga dawa ya kuuyeyusha polepole. Mguu uliokolewa. Vidole viwili vilibaki na ganzi mpaka leo.

Siwezi kusema kwamba angekunywa dawa zake jambo hili lisingetokea. Katika utafiti wa VOYAGER PAD, uliotolewa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 6,564 waliokuwa wametoka kuzibuliwa mishipa ya miguu, kila mtu alipewa aspirini, kisha nusu yao wakaongezewa rivaroksabani ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku na nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya miaka mitatu, waliopata mguu kukosa damu ghafla, kukatwa mguu kwa sababu ya mishipa, mshtuko wa moyo, kiharusi au kifo cha magonjwa ya moyo na mishipa walikuwa asilimia 17.3 upande wa dawa mbili, na 19.9 upande wa aspirini peke yake. Tofauti ipo na ni ya maana, ingawa haimlindi kila mtu. Gharama yake ipo pia: kuvuja damu kukubwa kuliwapata asilimia 2.65 dhidi ya 1.87. Mgonjwa anayepewa dawa hizi anastahili kuzijua namba zote mbili, pamoja na onyo moja ambalo hapa kwetu halipaswi kukosekana kamwe: asinunue diklofenaki dukani kila goti linapouma. Dawa hiyo ikikutana na aspirini na rivaroksabani huongeza hatari ya kuvuja damu tumboni, na yenyewe pia huongeza hatari ya magonjwa ya moyo. Baba alikuwa na bomba la diklofenaki ya kupaka na vidonge vyake kwenye droo, na katika ruhusa ya kwanza hakuna aliyemuuliza.

Jambo jingine la kusifu nililiona katika kulazwa huku kwa pili. Maabara ilitupendekezea tulipie kipimo cha damu cha CRP, protini inayopanda mwili unapokuwa na inflamesheni, kila wiki ili kufuatilia inflamesheni. Nilikuwa tayari kulipa. Daktari alikataa. Alieleza kwamba CRP hupanda kwa kawaida siku mbili za kwanza baada ya puto na kushuka, na kwamba ingawa tafiti zimeona wenye CRP ya juu hupata matatizo zaidi, kwa mgonjwa mmoja aliye nyumbani namba hiyo hupandishwa na malaria, jino bovu au mafua, wala isingebadilisha dawa yoyote aliyompa. Hospitali ya binafsi inapomkataza mteja kutumia fedha, naiamini zaidi.

Karatasi ya pili ilikuwa na kurasa mbili. Miadi iliwekwa siku ya 25, na dawa zilitolewa za siku 30. Duka la dawa la hospitali liliandika namba ya simu ya kuulizia rivaroksabani ya 2.5 kabla haijaisha. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alichukua kalamu nyekundu akachora jua na mwezi juu ya boksi la rivaroksabani, jua tu juu ya aspirini, mwezi tu juu ya atorvastatini. Kisha akaushika mkono wangu, akauweka upande wa juu wa mguu wa Baba, si chini ya unyayo, kati ya kano ya kidole gumba na ya kidole cha pili, akaniacha nitafute mpaka nikayasikia mapigo. Akasema nikiyakosa, na mguu ukawa baridi au mweupe, nisisubiri kuche.

Karatasi ya kwanza naipa 3 kati ya 10, ya pili 8. Mbili ninazozizuia ni kwa sababu nilipouliza kama wagonjwa wengine nao wanapewa kurasa mbili tangu ruhusa ya kwanza, nilijibiwa kwamba inategemea nani yuko zamu. Kwa puto ningempeleka Baba palepale tena, ila nisingetoka wodini kabla ya kuona tarehe ya miadi inatangulia tarehe ya vidonge kuisha.

Wiki iliyopita kipimo cha mguu kilisoma 0.88, na ultrasaundi imepangwa Oktoba. Kila alfajiri, kabla ya kuvaa viatu vya kwenda msikitini, Baba hunyoosha mguu wa kushoto na Mama humpima mapigo kwa vidole viwili.